Viza yangu imetoka, ya mtoto tuliyemuasili bado. Naombeni ushauri

Mama Z – 3 Aprili 2024

Habari zenu wana jamvi. Nimekuwa nasoma humu kimyakimya miaka mingi, leo jambo limenizidi.

Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni raia wa Marekani. Tumeishi Arusha tangu 2019. Februari 2022 tulipewa binti kwa malezi ya kambo kutoka kituo cha kulelea watoto, akiwa hajatimiza miaka miwili. Alitelekezwa akiwa mchanga, wazazi hawajulikani mpaka leo. Kwa kuwa mume ni mgeni, ilibidi tufikishe ile miaka mitatu mfululizo ya kuishi nchini inayotakiwa na Sheria ya Mtoto ya 2009 ndipo tuende mahakamani. Juni 2023 Mahakama Kuu ikatoa amri ya kuasili. Nililia pale mbele ya Jaji mpaka nikaomba radhi, akaniambia, "Lia tu mama."

Mkataba wa mume ulipoisha akapata kazi kwao, akatangulia Februari. Mimi na mtoto tulikuwa tumfuate. Viza yangu ya mke ilitoka Januari, imebandikwa kwenye pasi, mwisho wake ni tarehe 14 Juni kwa sababu nilipima afya Desemba. Fomu I-600 ya mtoto, yaani ombi la kumpeleka kama yatima aliyeasiliwa, ilishakubaliwa kule Marekani. Lakini siku ya usaili, mtoto hakupewa viza. Tulipewa karatasi yenye viboksi, viwili vimewekwa vema: nyaraka zaidi, na uchunguzi unaendelea. Sasa ni wiki ya kumi na moja. Nikiandika barua pepe najibiwa sentensi ileile.

Mtoto ana miaka minne. Amepanga kibegi chake mwenyewe: kijiko, kandambili moja na picha ya baba yake. Analala nacho. Ndege ikipita anatoka mbio nje kuuliza kama ni yetu.

Niache viza yangu ife nibaki naye, au niende nimwache kwa mama yangu Moshi? Na nikienda, si wataona nimemtelekeza mara ya pili? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ngosha wa Kanda – 3 Aprili 2024

Pole sana dada. Mimi ningekushauri mwombee viza ya matembezi uende naye, mambo mengine mtamalizia hukohuko. Nina jirani alifanya hivyo akafanikiwa.

Mtu wa Houston – 3 Aprili 2024

Ngosha, najua umesema kwa nia njema, lakini Mama Z tafadhali usiufuate ushauri huo. Viza ya matembezi ni ya mtu anayekwenda na kurudi. Faili la mtoto liko wazi kabisa kwamba anahamia. Ukimwombea ya matembezi utaulizwa swali moja tu, na jibu la kweli linakunyima viza, na jibu la uongo linakufuata wewe na mumeo maisha yote.

Sisi tumepitia njia ya I-600 kama yenu. Tulimuasili mtoto wa marehemu dada yangu, na ule uchunguzi unaoitwa I-604 ulinitisha kama ulivyokutisha wewe. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kila mtoto anayeombewa kama yatima lazima afanyiwe, hata karatasi zake ziwe safi namna gani. Afisa anatakiwa kujiridhisha kwamba mtoto kweli ni yatima kwa maana ya sheria yao, kwamba hakuna aliyelipwa, kwamba hakuna mzazi anayemtafuta. Asiporidhika, hana mamlaka ya kuikataa ile I-600 yeye mwenyewe. Analirudisha faili kwa idara ya uhamiaji ya Marekani iliyoikubali, na hapo ndipo miezi inapokuwa mingi kweli. Kwa hiyo kazi yako sasa ni kuhakikisha halirudi.

Swali langu: hicho kiboksi cha nyaraka zaidi, pembeni yake wameandika nini? Usituambie "nyaraka". Tuambie neno kwa neno.

Mama Z – 4 Aprili 2024

Asante kaka. Pembeni kuna mwandiko wa kalamu: ripoti ya polisi ya mtoto kuokotwa, na "ufafanuzi wa jina". Cheti cha kuzaliwa alichotoka nacho kituoni kina jina la pili lenye m moja, amri ya Mahakama ina m mbili. Nilipeleka kiapo cha wakili kwamba ni mtu mmoja. Ripoti ya polisi kituo cha watoto wanasema hawaioni, aliyekuwa msimamizi wakati ule ameshahama.

Afisa Mstaafu – 4 Aprili 2024

Binti yangu, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, nimestaafu. Naomba unisikilize kwa utulivu.

Mtoto aliyeokotwa haingii kituoni kwa mkono mtupu. Anaanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au polisi, inafunguliwa RB (taarifa kwenye kitabu cha polisi), anapelekwa hospitali kuangaliwa afya, ndipo afisa ustawi wa halmashauri anamkabidhi kituoni kwa barua. Karatasi ikipotea sehemu moja, nakala yake ipo nyingine. Usikae kuisubiri kituoni. Nenda polisi walikofungulia jalada, ukiwa na mwezi na mwaka, uombe wakutolee taarifa kutoka kwenye kitabu chao. Nenda pia kwa afisa ustawi wa wilaya ile alikookotwa, siyo wa Arusha. Ripoti yake ya mwanzo ndiyo inayoeleza juhudi za kuwatafuta wazazi, na nijuavyo mimi wachunguzi huitazama hiyo kuliko kitu kingine chochote. Ukimkuta afisa mgeni kwenye ofisi, mwombe kwa heshima afungue kabati la majalada ya zamani mkiwa pamoja. Msindikize. Mara nyingi jalada linapatikana mwenye shida akiwa amesimama pale.

Kuhusu jina, kiapo kinasaidia lakini hakibadilishi amri. Amri ndiyo mama wa karatasi zote. Ikishasahihishwa, cheti cha kuasili na pasi vinaifuata.

Wakili K – 5 Aprili 2024

Naunga mkono alichosema mzee. Kosa la m moja au mbili ni kosa la kiuandishi. Mahakama ina uwezo wa kusahihisha makosa ya namna hiyo chini ya kifungu cha 96 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, bila kufungua shauri upya. Wakili wenu aliyesimamia maombi anaandika ombi fupi, anaambatanisha cheti cha kuzaliwa. Ila kwanza amueni jina sahihi ni lipi. Kama pasi ya mtoto ina m mbili, inaweza kuwa rahisi zaidi kushughulikia cheti kuliko amri. Wekeni karatasi zote mezani, hesabuni ngapi zina moja na ngapi zina mbili, sahihisheni upande ulio mchache. Kisha mwende RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na nakala iliyothibitishwa, kwani msajili ndiye mwenye rejesta ya watoto walioasiliwa.

Usikubali mtu akuambie kuna njia ya mkato ya kulipia.

Mwana Lubumbashi – 5 Aprili 2024

Mama Z, pole sana. Mimi ni Mkongo, nimeolewa Dar. Kwetu tarehe 25 Septemba 2013 serikali ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Kulikuwa na familia zenye hukumu na viza mkononi, lakini mtoto hawezi kupanda ndege. Wengi waliachiwa 2016. Watoto waliotambaa wakati wanaasiliwa waliondoka wakikimbia.

Nakuambia hili kwa sababu ya lile swali la kumwacha. Binamu yangu alikuwa mlezi kwenye nyumba ya watoto wakati huo. Alituambia waliopata shida zaidi ni wale ambao wazazi waliondoka usiku wakiwa wamelala, ili kukwepa kilio. Wale walioambiwa "mama anakwenda, analala siku kadhaa, anarudi", wakapewa kitu cha kuhesabu, walilia, kisha wakala, wakacheza. Ukienda, muage mchana, akikuona.

Mtu wa Houston – 5 Aprili 2024

Sasa nirudi kwenye viza yako, dada. Umejiwekea milango miwili, kumbe upo wa tatu.

Unaweza kuingia Marekani kabla ya 14 Juni, ukagongewa muhuri, na papo hapo unakuwa mkazi wa kudumu. Viza hiyo ikishagongwa muhuri inatumika kama uthibitisho wa ukazi kwa mwaka mmoja, hata kadi yenyewe ikiwa haijafika. Unakaa siku chache, unarudi kwa mwanao. Ilimradi usikae nje kufikia mwaka, na maisha yenu yaonekane yanahamia huko. Ukihisi jambo litavuka mwaka, ombeni kibali cha kurudi kwa fomu I-131, lakini fomu hiyo lazima ujaze ukiwa ndani ya Marekani, kwa hiyo fikirieni kabla hujapanda ndege ya kurudi.

Ukishindwa kusafiri, viza kufa siyo mwisho. Kuna utaratibu wa kuomba nyingine badala yake kama hukuitumia kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako. Unalipa ada upya, unapima afya upya. Vipimo vya afya vya mtoto navyo vitakuwa vimekwisha muda, lakini usimrudishe kupima mpaka waseme, maana miezi sita inaanza kuhesabiwa siku hiyo.

Na mumeo asikae tu huko akisubiri simu. Aende ofisi ya mbunge wa jimbo lake, asaini fomu ya kuwaruhusu kuuliza habari za faili. Hawawezi kulazimisha viza itoke, lakini barua yao inajibiwa na mtu aliyefungua faili. Sisi ndipo tulipojua ni karatasi gani hasa iliyokuwa inasubiriwa.

Wakili K – 6 Aprili 2024

Niongeze moja kama akiba. Mtoto aliyeasiliwa kabla ya miaka 16, akaishi na mzazi miaka miwili huku mzazi ana haki ya malezi kisheria kwa miaka miwili, anaweza kuombewa kwa njia ya kawaida ya familia, fomu I-130, bila kuthibitisha uyatima. Mmeishi naye tangu Februari 2022. Barua yenu ya malezi ya kambo, kama ilitolewa na mamlaka ya serikali, impeni wakili wa uhamiaji wa huko aisome. Ni ombi jipya na linachukua muda wake, kwa hiyo msiliache hili la sasa. Ila mkijua kuna mlango wa nyuma mtalala.

Mama Z – 6 Aprili 2024

Nimesoma yote mara mbili, na mume nimemsomea kwenye simu. Jumatatu nakwenda kwa wakili, Jumanne napanda basi kwenda wilaya alikookotwa. Mzee Afisa Mstaafu, shikamoo, na ubarikiwe.

Mama Z – 30 Agosti 2024

Naombeni radhi kwa kukaa kimya.

Jalada la polisi lilipatikana safari ya pili. Safari ya kwanza waliniambia halipo. Ya pili nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, askari mmoja wa kike akaniita, kitabu kiko mkononi mwake, kidole kwenye mstari: mtoto wa kike, amevikwa kitenge cha kijani. Sikuwahi kujua habari ya kitenge. Nimeinakili kwenye daftari langu, siku moja nitamwambia.

Karatasi zenye m moja zilikuwa mbili tu, tukasahihisha upande huo. Tulizipeleka mwishoni mwa Mei. Tarehe 1 Juni nikasafiri, nikarudi tarehe 12. Mwana Lubumbashi, nilimuaga mchana. Nilimwachia maharage kumi na moja kwenye kikombe, bibi yake akawa anapika moja kila siku. Siku niliyorudi kikombe kilikuwa kitupu, alikuja nacho mpaka uwanja wa ndege kunionyesha.

Barua ya ofisi ya mbunge ilijibiwa Julai. Mtoto akaitwa kupima tena, na wiki iliyopita viza imetoka, aina ya IR-3, ya yatima ambaye kuasiliwa kwake kumekamilika kabla ya kusafiri. Kwa viza hiyo anakuwa raia siku anapoingia, cheti kinakuja kwa posta.

Tunaondoka Jumamosi kwa ndege ya usiku kutoka KIA. Kandambili ya pili nimeipata chini ya kabati.