Kipindi cha redio kuhusu matangazo na utamaduni: nimwamini mtangazaji kiasi gani?

Msikilizaji_Makini: Habari zenu wakuu. Kuna kipindi cha redio kinachoeleza jinsi matangazo ya biashara yanavyobadili mila na mazoea ya watu. Kimeniteka kabisa, siku yake ikifika sitaki hata kupigiwa simu. Juzi walizungumzia almasi: mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa wakala wa matangazo N.W. Ayer, aliwaandikia De Beers, kampuni ya almasi, sentensi moja fupi kwamba almasi ni ya milele, na sentensi hiyo ikasaidia kuifanya pete ya almasi ionekane ni lazima kwa wachumba wa Marekani. Mtangazaji alinyamaza kidogo kabla ya kuitamka. Mwili ulinisisimka.

Sasa binti yangu, ambaye tunasikiliza pamoja, kaniuliza: "Si huyu mtangazaji mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa matangazo? Utajuaje kama na sisi hatuuzii kitu?" Nikakosa jibu. Kipindi siachi, ila nataka asikilize kwa akili. Nisaidieni.

MamaWawili: Hongera kwa mtoto anayeuliza. Mimi naona aliyeifanya kazi hiyo ndiye anayezijua siri zake. Endeleeni tu.

Mdadisi: Mpe zoezi. Hadithi ikiwa tamu kupita kiasi, muitafute mahali pengine kabla ya kuisimulia. Mfano ni Baba Krismasi. Wengi wanaamini Coca-Cola ndio waliomvisha nguo nyekundu. Ni kweli kwamba Haddon Sundblom alianza kuwachorea mwaka 1931, na picha zake zilipendwa sana. Lakini Thomas Nast alishamchora yule mzee katika karne ya 19, na vazi jekundu lilikuwepo kabla ya Sundblom. Kampuni ilimsambaza, haikumbuni. Kwangu mimi hadithi hii ndiyo tamu zaidi, maana inaonyesha tangazo likiokota kitu ambacho watu tayari wanakipenda.

Fundi_Sauti: Muulize pia nani analipia kipindi. Redio na biashara ni ndugu wa siku nyingi. Mwaka 1922 kituo cha WEAF cha New York kiliiuzia Queensboro Corporation muda wa hewani, msemaji wao akasifia hewa safi na nafasi ya kutosha kwenye nyumba zao za Jackson Heights. Miaka ya 1930 watengeneza sabuni wakawa wanadhamini michezo ya redio ya kila siku. Kudhaminiwa si dhambi, lakini mdhamini ajulikane.

Zuhura_M: Jamani, mtoto msimfanye mpelelezi, raha yote itaisha! Tena shaka yenyewe huenda kaipata kwenye kipindi hichohicho. Mimi nilijifunza kushuku siku niliyosikia habari za Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano wa umma wa Marekani. Mwaka 1929, akiifanyia kazi kampuni ya sigara ya American Tobacco, alipanga wanawake wawashe sigara hadharani kwenye maandamano ya Pasaka New York, ionekane wanadai uhuru. Magazeti yakaandika kama habari. Nilikasirika kweli, na tangu hapo nikiona "habari" ya namna hiyo nauliza nani kaipanga. Hakuna somo la darasani lililowahi kunifanya hivyo.

Msikilizaji_Makini: Asanteni sana, wote. Nimemsomea majibu yenu. Nimeamua kila kipindi kikiisha achague hadithi moja tuifuatilie wenyewe, na Zuhura usihofu, wakati wa kusikiliza tunasikiliza tu. Ya Bernays imemkaa sana. Anauliza: watu waliokuwa pale barabarani waliambiwa nani yuko nyuma ya jambo lile?

Mdadisi: Hawakuambiwa. Jina la kampuni lilifichwa makusudi, na ujanja wote ulikuwa hapo. Mwambie aanzie na hiyo.