Mchezo wa simu umenila muda mpaka nguo za Idi za wateja hazikukamilika. Nitokeje?

FundiNgamiani

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina mke na watoto wawili, na naandika nikiwa na aibu, kwa sababu jambo lenyewe likisemwa kwa sauti linasikika kama la mtoto. Tangu mwaka juzi nacheza mchezo wa simu wa kupanga peremende za rangi, tatu tatu, mpaka zipasuke. Mchezo hukupa roho tano. Ukishindwa hatua unapoteza moja, na zikiisha hulazimika kungoja dakika 30 ili roho moja irudi. Nilipogundua kwamba saa ya simu ikisogezwa mbele roho hurudi papo hapo, nikawa naisogeza.

Ramadhani iliyopita niliisogeza mbele kwa saa tatu, nikalala bila kuirudisha. Alamu ya daku, niliyoitega saa kumi alfajiri, ikalia saa saba usiku. Mke wangu akaamka, akapasha wali na mchuzi, akamwamsha mama yangu, na tulikuwa tumekwisha kula tulipotambua kwamba mtaa mzima umelala na hata wapiga ngoma wa daku hawajapita. Siku ile mke wangu alicheka. Hakucheka usiku wa kuamkia Idi, wateja sita walipokaa barazani kwetu wakisubiri nguo nilizowaahidi kwa wiki mbili, na mbili kati ya hizo zilikuwa hata hazijakatwa.

Nimeufuta mchezo mara nne na kuurudisha mara nne, nami naanza kuona kwamba huu ni uraibu. Simu siwezi kuiacha, maana wateja hunitumia picha za mishono kwa WhatsApp. Sijanunua kitu chochote ndani ya mchezo, kwa hiyo siwezi hata kulalamika kwamba nimeliwa fedha.

MzeeWaVipimo

Waaleikumu salaam, mwanangu. Nimeshona zaidi ya miaka 30, na sitakuficha: fundi kuahidi Alhamisi na kutoa nguo Jumanne ni ugonjwa uliokuwapo kabla ya simu hizi. Sisi tulikuwa na bao na kahawa. Nunua kiswaswadu cha kupokelea simu, hiyo kubwa mwachie mkeo, picha za mishono ziingie kwake akuonyeshe jioni. Haya maneno ya uraibu tuwaachie wanaojidunga sindano za dawa za kulevya.

MuuguziZamuYaUsiku

Shikamoo, mzee wangu. Ushauri wa kiswaswadu ni mzuri, ila neno uraibu hapa halikutumika kwa mzaha. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo ya kielektroniki katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, ambalo lilianza kutumika Januari 2022. Yanayotazamwa ni matatu: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mbele ya kazi na mambo mengine ya maisha yake, na anaendelea kucheza ingawa anayaona madhara; tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Wengi wanaocheza hawafikii hapo. Kaka fundi, siwezi kukupima kwa maandishi, lakini hospitali ya mkoa ya Bombo haiko mbali nawe. Nenda uulizie huduma ya afya ya akili, na usione haya kusema kwamba ni mchezo wa simu.

Kuhusu zile dakika 30, wengi huzidhania kuwa ni breki. Mimi naona zinafanya kinyume chake, kwa kuwa zinakuondoa kabla hujachoka, ukatoka na njaa. Na ushindi hauji kwa mpangilio unaoweza kuutabiri. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwa njiwa kwamba ndege asiyejua ni mdonoo upi utakaoleta punje hudonoa kwa bidii na huchelewa sana kukata tamaa.

Jambo jingine: ulipoufuta mchezo, hatua zako huenda zilibaki kwenye akaunti, ukirudi unaendelea ulipoachia. Basi futa na akaunti yenyewe ya mchezo, ili kurudi kuwe na maana ya kuanza hatua ya kwanza. Siku za mwanzo tarajia kukosa raha na kuwa mkali nyumbani, kaarosto kadogo, na mweleze mkeo mapema.

BintiWaPangani

Kaka, naomba kuuliza jambo ambalo hukulieleza. Unaucheza saa ngapi hasa? Namaanisha, mkono wako unakuwa ukifanya nini dakika ile kabla haujaifuata simu?

FundiNgamiani

Dada, swali lako limenikalia kichwani tangu jana, nikaamua kujichunguza kutwa nzima. Nikiwa kwenye cherehani siikumbuki simu, hata ikiwa mezani. Naishika nikishatandaza kitambaa, nikachora kwa chaki, na mkasi uko mkononi. Mwaka juzi, kabla ya mchezo huu, niliharibu lesi ya bibi harusi kwa kukata kwapa ndani mno, nikailipa kwa miezi mitatu. Zile nguo mbili za usiku wa Idi zilikuwa za lesi.

MzeeWaVipimo

Sasa umesema, nami naondoa lile la bao. Kitambaa kikikatwa hakirudi, na huko kwenye peremende roho zinarudi kila nusu saa. Hata mimi ningekimbilia huko. Lesi usiikate usiku wala ukiwa peke yako. Ikate asubuhi, kwanza ujaribishe kwa kitambaa cha bei nafuu, umvalishe mteja kwa pini, ndipo uiguse lesi. Acha kitambaa cha ziada pembeni mwa mshono, maana kitambaa cha kwapa hupunguzwa baadaye, hakiongezwi. Kiswaswadu nunua vilevile.

MuuguziZamuYaUsiku

Naunga mkono, na Bombo uende hata hivyo. Hofu ya mkasi inaweza kuwa ndiyo iliyoufungulia mchezo mlango, lakini kwa sasa mchezo una miguu yake.

FundiNgamiani

Nimerudi baada ya siku kumi na moja. Akaunti nimeifuta, simu inashinda kwa mke wangu mpaka alasiri, na Bombo nimepangiwa kurudi Jumatatu. Siku ya nne nilimfokea mwanafunzi wangu kwa sababu ya uzi, nikamwomba radhi. Nimekata lesi mbili kwa namna aliyoeleza mzee. Ya tatu bado imekunjwa kabatini, na mwenyewe anaitaka Ijumaa.