Linki ya kuingia kwenye akaunti ya saccos HAIFI! Ya mwezi Machi bado inafungua

Wakuu, nina hasira, mnisamehe.

Saccos yetu mwaka huu imetuondolea nywila, ikatuletea mfumo wa linki. Unaandika barua pepe yako, unatumiwa linki, unabofya, umeingia. Sina ugomvi na njia yenyewe, maana mama yangu alikuwa anasahau nywila kila mwezi. Ila linki hiyo ndiyo ufunguo. Aliyenayo ameingia.

Machi nilikwenda stesheneri ya mtaani kuprinti taarifa ya akiba. Nikafungua barua pepe kwenye kompyuta yao, nikabofya, nikaprinti, nikatoka kwenye akaunti na kwenye barua pepe, nikalipa mia tano nikaondoka. Wiki iliyopita nimerudi kutoa kopi ya kitambulisho. Kijana wa pale kaandika herufi mbili tu kwenye brauza, anwani ya saccos ikajileta na mkia wake mrefu. Nikamwomba aifungue. Akaunti yangu hiyo hapo! Namba ya simu, hisa, wadhamini wangu, na kitufe cha kijani cha "Omba mkopo".

Nyumbani nikaukagua ule mkia. Unaishia na ==. Aliyewahi kugusa programu ataotea hapo hapo kwamba ni Base64, yaani namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu, na hiyo haifichi kitu, unaigeuza kwa sekunde moja. Ndani nikakuta namba yangu ya uanachama na tarehe niliyojiunga. Basi! Mke wangu tulijiunga siku moja, namba zetu zinafuatana. Kwa ruhusa yake, akiwa kakaa pembeni yangu, nikabadilisha tarakimu moja. Akaunti yake ikafunguka, na linki hiyo hakuna aliyeiomba.

Jina la saccos siliweki hapa. Kuna akiba za wajane mle.

Nimempigia fundi wao, ananijibu: "Kaka, tuliwahi kuiweka itumike mara moja, watu wakalalamika inakufa kabla hawajaifungua." Ni kweli hutokea. Vichujio vya barua pepe vya maofisini, kama Safe Links ya Microsoft, huweza kumtangulia mwenyewe na kuifungua linki ili kuikagua. Lakini dawa yake inajulikana miaka yote: linki ikifunguliwa ilete ukurasa wenye kitufe tu, tokeni (ule mkia wa linki unaokuingiza) itumike mtu anapobonyeza kitufe. Wao wameona bora wang'oe kufuli!

Tunataka tokeni ya nasibu, walau biti 128, yaani ndefu kiasi kwamba haiwezi kubahatishwa, isiyobeba namba ya mtu. Ife ikishatumika, na isipotumika ife ndani ya dakika 15. Kwenye hifadhidata watunze heshi yake (alama inayokokotolewa kutoka kwenye tokeni na isiyoweza kugeuzwa kuirudisha), siyo yenyewe, ili hata anayeiba hifadhidata asiingie kwa watu. Na mkopo usiombwe bila uthibitisho mwingine kwenye simu ya mwanachama.

Barua nimepeleka Jumatatu, wameigonga mhuri wa kupokelewa. Leo alfajiri nimeibofya tena ile linki ya Machi. Imefungua.