Ukoo Mmoja 🌿: Picha za hifadhini

Mwanaidi: Hamjambo wapendwa. Tumerudi salama na watoto. Picha ninazipandisha. Ila msiniulize habari za simba, maana hakuna. Hifadhi yote imewekwa kwa ajili ya wanyama walio hatarini kutoweka, na wengi hata majina yao ni mageni kwetu.

Jamila: Shikamoo shangazi 🙏 Sasa mliona nini?

Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Vyura wa Kihansi! Nilisimama mbele ya kile kioo mpaka watoto wakanivuta mkono. Ni wadogo, chura mzima anaenea juu ya sarafu, rangi yake manjano kama dhahabu. Juu yao bomba zinanyunyiza maji bila kukoma.

Hamisi: Wale wa maporomoko ya Udzungwa?

Mwanaidi: Hao hao, kaka. Duniani kote makao yao yalikuwa pale tu, kama hekta mbili hivi zilizoloweshwa na rasharasha ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, rasharasha ikakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura wapatao 500 walikusanywa wakapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama.

Mwanaidi: Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikatangaza kuwa porini hawapo tena. Waliobaki ni wale wa kwenye vioo. Na wajukuu wa hao ndio walioanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012, baada ya kuwekwa bomba za kunyunyizia maji bondeni.

Jamila: Kwa hiyo walitaga hukohuko Marekani?

Mwanaidi: Hawatagi. Wanazaa. Mtoto anatoka chura kamili, hapiti hatua ya kiluwiluwi.

Jamila: 😮

Baba Jamila: Dada, poleni na safari. Nimezitazama picha, nzuri. Lakini roho yangu bado inakataa. Mnyama azaliwe ndani ya uzio, afie ndani ya uzio. Huko ni kuokolewa au ni kifungo?

Neema: Shikamoo baba mdogo. Swali lako ni la haki kabisa, na chuoni tunaliuliza kila mara. Mimi nikiingia hifadhi yoyote ya namna hii, natafuta jibu la jambo moja: watoto wanaozaliwa hapa wanakwenda wapi? Kama hawana wanakokwenda, na hakuna anayepanga waende, basi nakubaliana nawe.

Baba Jamila: Marahaba. Nipe mfano wa waliokwenda.

Neema: Choroa wa Arabuni, mnyama wa jangwani wa jamii ya swala. Wa mwisho porini aliuawa Oman mwaka 1972. Wachache walikuwa wameshakusanywa mapema, wengine wakazalishwa Phoenix, Marekani. Mwaka 1982 wakaanza kurudishwa Oman. Kufikia 2011 IUCN ilikuwa imewapandisha ngazi tatu kwenye orodha yake, kutoka ile ya waliotoweka porini.

Hamisi: Lakini hao hao wa Oman si waliwindwa tena?

Neema: Ndiyo, baba mkubwa, na hapo ndipo panaponiuma. Kutoka 450 wakashuka hadi 65. Serikali nayo ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na mwaka 2007 UNESCO ikalifuta kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kuzalisha ni nusu ya kazi. Pori lenyewe lisipolindwa, tunarudisha wanyama kwenye bunduki ileile.

Baba Jamila: Hapo sasa tunaelewana.

Hamisi: Na Najin na Fatu je? Tangu Sudan, yule dume wa mwisho, afe Machi 2018 pale hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, vifaru weupe wa kaskazini ni hao majike wawili tu, mama na binti. Hapo uzio utasaidia nini?

Neema: Wao walichelewewa. Hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Wataalamu wanavuna mayai ya Fatu, wanayarutubisha kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, ili kifaru mweupe wa kusini abebe mimba. Ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana nasema heri kuanza wakiwa bado mia kuliko wakibaki wawili.

Mwanaidi: Neema, hebu waeleze habari ya kile kitabu. Mtunza wanyama aliwaeleza watoto kwenye ua wa farasi wa Przewalski, wale farasi pori wa Mongolia, nami nikabaki nimeduwaa.

Neema: Kitabu cha nasaba! Farasi hao wote walio hai leo wanatokana na mababu wasiozidi 15. Kila mtoto anaandikwa baba ni nani, mama ni nani, kisha hifadhi za nchi mbalimbali zinabadilishana madume ili ndugu wasizaane. Bila hicho kitabu wasingerudi Mongolia mwaka 1992 wakiwa na afya.

Mwanaidi: Mdogo wetu akamuuliza mtunza, mbona yule dume yuko peke yake? Akajibiwa, "Wale wote kule ni dada zake, anasubiri kuhamishwa." Mtoto akaridhika kabisa.

Bibi: Nimewasoma wote. Mimi nataka kuwaona hao vyura. Kuna pa kukaa?

Mwanaidi: Shikamoo mama. Mabenchi yapo, na njia ni tambarare. Ila mlangoni kwa vyura mtakanyaga zulia lenye dawa. Kuna fangasi wanaoua vyura duniani kote, hata Kihansi waligunduliwa mwaka 2003, na nyayo za wageni zinaweza kuwaingiza. Msigonge kioo, na simu zizimwe mwanga.

Baba Jamila: Mama, Jumamosi nitakupeleka mimi. Na huyo mtunza nitamuuliza mwenyewe hao watoto wanakwenda wapi.

Jamila: Na mimi nakuja 🙋🏾‍♀️

Mwanaidi: Nendeni asubuhi, farasi wanalishwa mapema na hukaa karibu na uzio. Vyura wako jengo la pili kushoto. Mlango ni mzito, usukumeni kwa nguvu.