Leseni ya Ofisa Ustawi wa Jamii: Tunabishania Kuingia, Tunasahau Kufutwa

Mtoa hoja:

Ndugu wachangiaji, kila panapozungumzwa suala la kuwasajili maofisa ustawi wa jamii na kuwapa leseni, mabishano huishia palepale: nani ana shahada, nani ana stashahada, na waliojifunzia kazini wapelekwe wapi. Maswali hayo ni ya haki, lakini yanahusu wanaotaka kuingia katika taaluma, ilhali madhara ambayo sheria inapaswa kuyazuia hutendwa na watu walioingia zamani. Hoja yangu ni kwamba leseni ina maana pale tu inapoweza kunyang'anywa, na kwamba bodi isiyo na mamlaka ya kupokea malalamiko ya mteja, kuyachunguza na kumfuta mhusika katika daftari la usajili ni afadhali isianzishwe, kwa kuwa itabaki kuwa ofisi ya kukusanyia ada.

Ofisa huyu huingia katika nyumba ya mtu siku ambayo mwenye nyumba ameelemewa kuliko siku nyingine zote: mtoto amepigwa, mzee ametelekezwa, mgonjwa wa akili hana wa kumsemea. Taarifa anayoiandika husomwa mahakamani na inaweza kumtenga mtoto na wazazi wake. Mteja hakumchagua, na mara nyingi hana uwezo wa kumkataa. Fundi akishona nguo vibaya wateja humkimbia, lakini ofisa aliyeandika uongo kuhusu familia hakimbiwi na mtu, maana familia hiyo haina kwingine pa kwenda. Mambo yakifichuka, mwajiri humwacha ajiuzulu kimyakimya, naye baada ya miezi michache hupata kazi ileile katika shirika jingine lisilojua lolote juu yake. Hilo la kuhama na siri zake ndilo linaloniweka upande wa leseni, na wanaoipinga hulipita kimya.

Wapo wanaopendekeza usajili uwe wa hiari kwanza. New Zealand ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2003, na ilipofika Februari 2021 usajili ukafanywa wa lazima. Sishangai, kwa sababu hiari huwavuta waliokuwa waangalifu tangu awali, na yule tunayemhofia hana sababu ya kujipeleka kuandikishwa. Kwa upande wa Uingereza, England ililinda jina la taaluma hii kisheria mwaka 2005, yaani asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo, na ijapokuwa daftari limehamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, mara ya mwisho likakabidhiwa Social Work England mwezi Desemba 2019, mamlaka ya kumfuta mtu hayakuachwa njiani.

Kuhusu mtihani wa kuingilia, nina shaka kubwa. Nchini Marekani, ASWB, chama cha bodi zinazotoa leseni hizi, kilichapisha takwimu zake chenyewe mwaka 2022: kati ya 2018 na 2021, asilimia 84 hivi ya watahiniwa Wazungu walifaulu mtihani wa ngazi ya kliniki, yaani ya wanaotibu matatizo ya akili na hisia, mara ya kwanza, na kwa watahiniwa weusi ikawa asilimia 45. Hawa wote walikuwa wamehitimu masomo yanayotakiwa. Jimbo la Illinois lilikuwa limekwisha kuuondoa mtihani kwa ngazi mojawapo ya leseni tangu Januari 2022. Karatasi ya maswali hupima kumbukumbu na ufasaha wa lugha, lakini mkatili na mla rushwa wanaweza kuijibu vizuri kabisa.

Mchangiaji:

Nimekusoma kwa makini, mtoa hoja, na kuhusu mtihani hatuna ugomvi. Tatizo langu ni hiyo bodi yako ya kufuta watu. Mtoto Victoria Climbié alikufa London mwaka 2000 kwa mateso ya waliokuwa wakimlea. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ambao ripoti yake ilitoka 2003, ulibaini angalau nafasi 12 ambazo vyombo husika vingeweza kuingilia kati visiingilie, na uliwalaumu vikali wakuu waliokwepa wajibu wao. Sasa niambie, ofisa wa chini aliyebebeshwa mashauri kuliko uwezo wake, bila msimamizi wa kumwongoza, akifutiwa usajili, mkuu wake amepoteza nini? Tena kuna jambo baya zaidi. Ofisa anayeihofia leseni yake atajifunza kujikinga: atapendekeza mtoto aondolewe nyumbani hata pale ambapo familia ingesaidiwa ikasimama, kwa kuwa lawama ya kumwacha mtoto hatarini ni kubwa kuliko lawama ya kumwondoa bure.

Mtoa hoja:

Ndugu yangu, kuhusu wakuu umenishika pabaya, na ninaiongeza hoja yako katika yangu. Yeyote mwenye mamlaka ya kugawa mashauri au kuidhinisha taarifa asajiliwe pia, hata kama amekaa mezani miaka mingi bila kumwona mteja, na wingi wa mashauri ukubalike mbele ya bodi kama utetezi, ili swali la nani aliyeyagawa lifuate papo hapo. Kuhusu wahudumu wasio na shahada, sioni haja ya kuwafukuza. Leseni ifungiwe kazi chache nzito, kama vile taarifa za mahakamani, mapendekezo ya kumwondoa mtoto na tathmini za kuasili, na kazi nyingine ziendelee mikononi mwa walionazo.

Hiyo hofu ya kujikinga, hata hivyo, sina dawa yake kamili. Ninachoweza kupendekeza ni kwamba mzazi aliyenyang'anywa mtoto bila sababu awe na haki ileile ya kulalamika, na lalamiko lake lipimwe kwa uzito uleule wa lile la mtoto aliyeachwa akaumia. Ofisa atabaki na hofu, ila itamjia kutoka pande zote mbili. Kama unaona hilo litamfanya asiamue lolote, basi hapo ndipo ningependa tuendelee.