She Wore a Yellow Ribbon (1949): rangi zinapishana kwenye DVD, shida ni diski au runinga?

Mpenzi_wa_Zamani:
Wadau, naomba msaada. Nina DVD ya She Wore a Yellow Ribbon, ile ya John Ford yenye kikosi cha wapanda farasi kule Monument Valley. Kingo za makoti ya bluu zina mstari mwembamba mwekundu au wa kijani, kwenye mvua ya radi ni giza tupu, na farasi wote wanaonekana wanene. Deki nimeiunganisha kwa waya tatu: njano, nyeupe na nyekundu. Ninunue Blu-ray, au mipangilio itatosha?

FundiPicha:
Mkuu, farasi wanene ni runinga inavuta picha. Filamu hii ina uwiano (upana kwa kimo) wa 1.37:1, karibu sawa na 4:3. Kwenye deki chagua umbo la skrini 16:9, halafu kwenye runinga weka 4:3. Mistari myeusi kulia na kushoto ndivyo inavyotakiwa, usiiondoe kwa kukuza picha maana utakata kofia na anga.

Kwenye rangi, kwanza achana na ule waya wa njano. Unabeba mwanga na rangi kwa pamoja, na runinga ikishindwa kuvitenganisha rangi zinavuja kwenye kingo. Tumia HDMI, au zile waya tatu za picha za kijani, bluu na nyekundu. Kisha jaribu hivi: weka filamu ya nyeusi na nyeupe, mfano Fort Apache (1948) ya Ford huyohuyo. Ukiona rangi kwenye kingo za filamu isiyo na rangi, kosa ni la vifaa vyako. Zisipoonekana, rudi kwenye hii ya 1949, simamisha picha na uzikague kingo.

Nitrati:
Naongezea, kwa sababu hata kwa HDMI baadhi ya mistari hiyo itabaki. Kamera ya Technicolor (mfumo wa filamu za rangi) ya wakati ule ilipitisha filamu tatu za nyeusi na nyeupe kwa pamoja, moja ikirekodi nyekundu, nyingine kijani, nyingine bluu. Faida yake ni kubwa: negativi hizo hazina rangi ya kupauka, kwa hiyo zikitunzwa vizuri rangi inaweza kujengwa upya. Hasara ni kwamba kila utepe unasinyaa kwa kiasi chake, na ukizipanga tena hazilingani. Dalili yake ni mstari kuwa mwembamba katikati ya fremu na kupanuka ukielekea pembeni, au kubadilika ghafla picha inapokatwa kwenda nyingine. Hapo hakuna kitufe cha runinga kitakachosaidia. Kinachosaidia ni skani mpya iliyopangwa upya kwa kompyuta.

Kwa hiyo ndiyo, nunua Blu-ray ya Warner Archive ya 2016. DVD ya NTSC (mfumo wa runinga wa Marekani) ina pikseli 720 kwa 480, na rangi yenyewe imehifadhiwa kwa 360 kwa 240 tu, ndiyo maana skafu ya njano inaonekana kama imepakwa nje ya mstari. Kwenye Blu-ray picha ya umbo hili inapata takriban 1480 kwa 1080.

FundiPicha:
Lile giza la radi: likibaki hata baada ya kuhamia HDMI, angalia mpangilio wake wa viwango vya mwanga, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Deki ikituma 0–255 huku runinga ikisubiri 16–235, vivuli vyote vinazama. Weka pande zote mbili 16–235. Usipandishe mwangaza kabla ya hapo, utapata ukungu wa kijivu. Zima pia kulainisha mwendo na kupunguza chembe. Chembe ni filamu yenyewe, ukizifuta unafuta vumbi la farasi na nyuzi za makoti. Ukali uweke pale usipoongeza kitu: runinga nyingi ni 0, baadhi ni 50.

Nitrati:
Tafadhali usiguse ule wekundu wa anga kwenye tukio la makaburi. Ford alitaka rangi za mchoraji Frederic Remington, na mpiga picha wake Winton Hoch alipata Oscar ya upigaji picha za rangi kwa kazi hii. Watu huona ngozi ya mwigizaji mkuu John Wayne imekuwa nyekundu pale, wanapunguza rangi, kisha mabonde yote yanapauka.

Na ukikuta nakala ya PAL (mfumo wa runinga wa Ulaya) ina dakika 99 badala ya 103, haijakatwa. Inaendeshwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, na sauti hupanda kidogo isiporekebishwa.