MREJESHO: Bibi wa Kongwa aliyeitwa mchawi kisa macho mekundu

Wakuu, mtakumbuka niliomba ushauri kuhusu bibi jirani yetu: watoto wanamrushia mawe, wakubwa wanamwita mchawi. Mliosema tuanze na mwenyekiti wa kitongoji, asanteni sana.

Mkutano ulifanyika, makelele tele. Kisha mhudumu wa afya akaeleza trakoma, au vikope, ugonjwa wa macho unaoyafanya yawe mekundu: unaenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi, na ukijirudia miaka mingi kope hugeukia ndani zikakwaruza jicho. Wanawake huumia zaidi kwa sababu ndio wanaolea watoto, ambao ndio huambukizwa sana. Bibi akakubali tumwangalie. Zile kope zilikuwa zimelala juu ya mboni kabisa! Mama mmoja pembeni yangu akaanza kujipapasa jicho lake.

Mwenyekiti naye akakumbusha kwamba Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inambana hata anayemsingizia mwenzake uchawi. Hapo wengi walitulia (na mimi sikuwa naijua).

Mawe yamekoma. Mzee mmoja bado hamsalimii bibi, tumemwachia mkewe amshughulikie. Vijana wa bodaboda watampeleka bibi bure hospitali kufanyiwa upasuaji wa kope, tunasubiri tarehe tu.